Kabla hujamuita kilaza, muulize kapataje

Swali lenu la wiki hii, "Hesabu ni kipaji cha kuzaliwa au kila mtoto anaweza?", limenigusa sana manake ndo kazi yangu, nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Mabatini, Mwanza, watoto wa darasa la tano mpaka kidato cha pili, kwa hiyo naomba mnivumilie nijibu kwa urefu. Mi naamini kila mtoto anaweza kusogea kutoka pale alipo, wengine haraka wengine taratibu, ila hasogei kwa kuimbiwa "unaweza, unaweza" asubuhi halafu mchana akikosa swali anachapwa. Mtoto anaamini anaweza kutokana na vile sisi wakubwa tunavyolipokea jibu lake likiwa limekosewa. Hapo ndo pa kupatazama.

Chukueni MAGAZIJUTO, nani hapa hajakaririshwa? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe mtoto wa darasa la tano 20 – 5 + 3, wengi sana watakuandikia 12 wakati jibu ni 18. Sasa kabla hujasema huyu kilaza muulize kapataje, atakwambia, mwalimu kwenye MAGAZIJUTO JU inakuja kabla ya TO, kwa hiyo nimejumlisha kwanza 5 na 3 nikapata 8, nikaitoa kwenye 20. Yaani mtoto kafuata alichofundishwa mpaka mwisho! Akili yake inafanya kazi vizuri tu, ila hakuna aliyemwambia kwamba kujumlisha na kutoa zina hadhi sawa, unatoka nazo kushoto kwenda kulia, unayoikuta mwanzo ndo unaifanya, na kugawanya na kuzidisha nazo hivyo hivyo. Ukimpiga eksi nyekundu ukapita, anachobaki nacho kichwani ni kwamba kanuni nimefuata na bado nimekosa, basi hesabu si zangu. Ukikaa naye dakika chache mkatafuta lilipotokea, anajua kosa lina chanzo na chanzo kinaondoka. Kwangu mimi hiyo ndo imani yenyewe ya kuweza, haina siri nyingine.

Au sehemu. Nusu ukijumlisha na theluthi mtoto anaandika 2/5, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mi huwa sisemi umekosa, nauliza 2/5 na nusu ipi kubwa? Akishaona 2/5 ni ndogo kuliko nusu anashtuka mwenyewe, nimeongeza kitu kimepungua vipi? Hapo sasa ukimfundisha kusawazisha asili, yaani zile namba za chini, anakusikiliza, kwa sababu swali limekuwa la kwake.

Mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Carol Dweck amelifanyia kazi sana jambo hili. Mwaka 1998 yeye na Claudia Mueller walichapisha majaribio yao na watoto wa darasa la tano, waliwapa mafumbo, walipomaliza wengine wakasifiwa kwamba wana akili na wengine kwamba wamejituma, halafu wakapewa mafumbo magumu yaliyowatoa jasho wote. Waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza na waliosifiwa juhudi walipanda. Nikisoma hapo nawakumbuka vipanga wetu, wale wenye akili sana darasani, mtoto aliyeitwa kipanga tangu darasa la kwanza, anafika fomu wani anapata 34 kwa mara ya kwanza maishani, karatasi anaificha na kuuliza hataki, kwa sababu kuuliza ni kukubali kwamba yeye si kipanga tena. Kwa hiyo jina zuri nalo linamfunga mtoto kama lile baya.

Ila tusidanganyane kwamba semina moja inatosha. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa Marekani wa wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa, walipewa somo fupi lisilofika saa moja kwamba ubongo unakua kwa kujifunza, waliokuwa chini kimasomo walipanda lakini kidogo, na pale ambapo wenzao shuleni hawapendi maswali magumu matunda yalikuwa haba. Uingereza mwaka huo huo jaribio la namna hiyo kwenye shule za msingi halikuonyesha tofauti. Ndo maana sina imani na bango la ukutani wakati daftari la mtoto limejaa eksi ambazo hakuna mtu amezijadili naye.

Na wanaosema kuna watoto hawana kichwa cha hesabu kabisa, twendeni wote sokoni Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, Jumamosi. Utamkuta binti anamsaidia mama yake kuuza dagaa, mteja anataka sado mbili na nusu, vile vindoo vya kupimia, sado moja elfu nne mia tano, anatoa noti mbili za elfu kumi, binti anarudisha 8,750 hata hajashika kalamu. Jumatatu mwambie azidishe 2½ kwa 4,500 ubaoni, anaganda! Kule Recife, Brazil, watafiti walilichapisha hili mwaka 1985, watoto wauzaji wa sokoni walipata maswali 98 katika kila 100 wakiwa kwenye biashara yao, wakipewa namba tupu kwenye karatasi wakapata kama 37. Walikuwa watoto watano tu, lakini mtu yeyote wa Mwanza anawajua hao watoto. Kinachotakiwa mwalimu amuulize yule binti sokoni ulifanyaje, atasema mbili ni elfu tisa, nusu ni 2,250, basi aandike hivyo hivyo, hiyo tayari ni njia ya hisabati.

Walimu siwalaumu jamani, darasa la watoto zaidi ya mia utamuuliza nani kapataje? Na fomu wani kila kitu kinageuka Kiingereza ghafla, mtoto aliyekuwa anazijua sehemu anaona hazijui tena. Matokeo ya kidato cha nne 2022 waliofaulu Basic Mathematics walikuwa kama asilimia 20 tu, na kufaulu kwenyewe ni kuanzia alama 30. Sasa tuseme asilimia 80 wamezaliwa bila kichwa? Siwezi kuamini hata kidogo. Naomba wakuu wa shule kitu kimoja, baada ya kila mtihani kipindi kizima kiwe cha kurudia pepa, mwalimu achague makosa matatu yaliyowapata wengi, ayaandike ubaoni bila majina, darasa zima litafute yalipoanzia.

Na nyie wazazi wenzangu, acheni kusema mbele ya mtoto "kwetu hesabu hatuna, hata baba yake zilimshinda". Akileta karatasi usiishie kwenye alama, chagua swali moja alilokosa umwambie akueleze alivyofanya hatua kwa hatua, na hata kama wewe hesabu zenyewe huzijui we msikilize tu, mara nyingi katikati ya kueleza anasimama, "aah ngoja", anachukua kalamu na kuanza upya.