Washenga Wawili Mtaa Mmoja

*Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Morogoro. Nacheza The Sims 4, ule mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya watu wa kubuni, tangu walipoifanya bure mwaka 2022, na nina ukoo mmoja tu, sasa uko kizazi cha sita. Mwezi uliopita niliona majirani hawaoani wala hawazai, wanazeeka tu, nikaweka MC Command Center, modi (nyongeza ya mchezo iliyotengenezwa na wachezaji) ya kuwapangia majirani maisha. Mimba nikaweka asilimia 80, ndoa asilimia 80, nikaendelea na maisha. Sasa kila mwanamke ninayekutana naye ni mjamzito. Mjomba wa ukoo, mjane wa siku nyingi, ameoa mtu nisiyemjua na amehama na watoto. Juzi limekuja sasisho la mchezo, nimefungua nikakuta vitufe vyote vya chini havipo, watu wamesimama tu wananitazama. Niifute hiyo modi? Ukoo wangu utapona?*

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujafika mstari wa pili wa jibu hili: acha kusevu. Mchezo ukikuuliza wakati wa kutoka, toka bila kusevu.

Sasa fungua Documents, ingia Electronic Arts, kisha The Sims 4, kisha saves. Tafuta faili la ukoo wako, tuseme ni Slot_00000002.save. Pembeni yake utaona mengine yenye jina hilohilo, ila mwishoni yana .ver0 mpaka .ver4. Hizo ni nakala tano za nyuma ambazo mchezo wenyewe unakutunzia. Ver0 ni ya karibuni, ver4 ndiyo kongwe. Kila ukisevu zinasukumana, na kongwe inadondoka. Ndiyo maana nakukataza: ukisevu mara tano kwa hasira, nakala nzuri ya mwisho imekwenda.

Nakili folda nzima ya saves pamoja na jirani yake iitwayo Tray, uziweke kwenye flashi, ndipo uangalie tarehe. Ukiipata ya kabla ya harusi ya mjomba, ipe namba ambayo haitumiki, mfano Slot_00000009.save, bila kile kipande cha .ver, nawe utaiona kwenye orodha ya sevu zako. Kwa mwezi mzima wa kucheza sina matumaini makubwa, lakini angalia. Usipoipata, mjomba itabidi umrudishe kwa mkono: mke ukitaka amwache, ingia kwenye kaya yake, umchezeshe mwenyewe, atoe talaka, kisha umhamishie nyumbani.

Una matatizo mawili, ila umeyafunga kwenye kanga moja.

La vitufe kupotea limetokana na sasisho, na wala sina hakika kwamba mkosaji ni MC Command Center. Vitufe vikiyeyuka namna hiyo, mara nyingi kuna modi inayogusa sura ya skrini, ile ya kuongeza safu kwenye menyu au kupanga upya dirisha la kujenga, na imepitwa na sasisho. Mchezo unalijua hili, ndiyo maana kila baada ya sasisho unazima modi zote wenyewe. Kuna mtu alikwenda kwenye mipangilio akaziwasha tena siku hiyohiyo, na mtu huyo nadhani unamfahamu. Novemba 2018 mchezo ulihamia toleo la 3.7 la lugha ya programu iitwayo Python, na modi za skripti, yaani zenye programu ndani, zilizokuwa zimetengenezwa kwa toleo la zamani zikakata roho hadi watengenezaji walipozitengeneza upya. Tangu hapo, sasisho likitoka, mimi nacheza bila modi au nakwenda kufua nguo.

La mimba ni lako mwenyewe, na limenichekesha na kunisikitisha. Mwishoni mwa 2021 mchezo uliletewa kitu kinachosimulia maisha ya majirani, na 2022 kikaongezwa nguvu: kinaoza watu, kinawapa watoto, kinawahamisha, kinawabadilishia kazi, wewe ukiwa jikoni kwako. MC Command Center nayo inafanya hayohayo kwa njia yake. Wewe uliwaweka washenga wawili mtaa mmoja, hawasalimiani, kila mmoja ana daftari lake la wachumba. Chagua mmoja. Ukimtaka wa MC Command Center, nenda kwenye mipangilio ya mchezo uzime hadithi za majirani, au angalau uzizime kwa kaya za ukoo wako, maana kila kaya inaruhusu kupangiwa peke yake.

Halafu hiyo 80. Asilimia ile si ya maisha mazima ya mtu. Modi inapita kwa zamu, na kila zamu inapiga kura upya kwa wanaostahili. Kwa 80, anayeponea leo ananaswa kesho. Mtaani kwangu nimeweka 5, na bado kuna watoto wa kutosha kujaza chekechea.

Kuifuta modi kunawezekana, haitakubomolea nyumba. Ila kuifuta hakumrudishi mjomba, waliokwishazaliwa wamezaliwa. Ningekushauri kitu kidogo zaidi: futa faili moja tu, mc_settings.cfg, na mipangilio yako yote inarudi kama siku ya kwanza. Tena MC Command Center imegawanyika vipande. Kuna mc_pregnancy, kuna mc_career, kuna mc_cleaner na wengineo. Kile usichokihitaji kitoe, kila kimoja na mafaili yake mawili, la .package na la .ts4script. Usiguse mc_cmd_center tu, huyo ndiye mzazi wao.

Ukiiweka tena, anzisha dunia mpya yenye familia usiyoijali. Mimi ninayo, baba, mama na paka, wamekwishateseka sana. Badilisha kitu kimoja, kimbiza saa kwa kasi ya tatu kwa wiki nzima ya mchezo, kisha zunguka uone nani kaoa na nani kahama. Kwa kasi ya kawaida siku moja ya Sims ni kama dakika 24, kwa hiyo kwa kasi ya tatu wiki inakwisha ukiwa unasubiri wali uive.

Nakuambia haya kwa sababu nilikwishaumia. Nilijenga nyumba ya bibi yangu ya Tanga: baraza mbele, mlango wa nakshi, madirisha ya mbao yenye vibao vya kupishana, nimepakua kimoja kimoja kwa bando la usiku. Siku moja mchezo ukawa unakwama, nikaamua kumtafuta mchawi kwa kugawa nusu kwa nusu: nusu ya mafaili unayapeleka kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta, nje ya mchezo, unafungua mchezo, unaona tatizo liko upande gani, unagawa tena. Ni njia nzuri, mafaili 200 unayamaliza kwa raundi 8 hivi. Lakini niliifanyia ndani ya nyumba ya bibi, na raundi ya tatu, kwa mazoea ya mkono, nikasevu. Mchezo usipoliona faili la dirisha unaliondoa dirisha. Nikafungua kesho yake nikakuta bibi amekaa ndani ya sanduku la kuta tupu, hana mlango, anapiga kelele kwamba hawezi kutoka. Mafaili nikayarudisha. Madirisha hayakurudi.

Kwa hiyo ukitafuta mchawi, mtafutie kwenye ile dunia ya baba, mama na paka. Na kila raundi ufute localthumbcache.package, maana hukumbuka mambo ya zamani na kukudanganya.

*Dada, rafiki yangu wa Mombasa amenitumia modi kwenye zipu, haimo kwenye tovuti yoyote, anasema ni ya siri. Ndani kuna .package tatu na .ts4script moja. Niweke? Na je, ile ya skripti niifungue kwanza?*

Usiifungue na usiiweke.

Mafaili ya .package kwa kawaida hubeba nguo, nywele, viti, au hubadilisha namba za ndani ya mchezo. La .ts4script ni jingine kabisa: ni zipu yenye programu ya Python, na mchezo unaisoma hivyohivyo ikiwa imefungwa. Programu hiyo haikufungiwa chumba cha Sims. Inaweza kugusa kompyuta yako kama wewe unavyoigusa. Mwanzoni mwa 2024 kulitokea modi za skripti zilizopachikwa programu za kuiba, zikapandishwa hadi kwenye tovuti zinazoaminika, na waliozipakua waliibiwa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mtengenezaji anayejulikana kama TwistedMexi akatoa ModGuard kwa ajili ya kuzizuia. Iweke hiyo, lakini usiifanye hirizi.

Rafiki yako huenda hana nia mbaya. Na yeye katumiwa. Mwulize jina la aliyeitengeneza, kisha uipakue kwa mwenyewe. Akikosa jina, na wewe uikose modi. Ukipata halisi, la .ts4script usilizamishe: ndani ya Mods, folda ya kuwekea modi, liwe wazi au kwenye folda moja tu. Ukilitia folda ndani ya folda, mchezo haulioni, nawe utakuja kuniandikia kwamba modi ni mbovu. Za .package zinavumilia kuzamishwa.

*Mwanangu ana PlayStation 4. Kijana wa duka la michezo karibu na kwetu anataka shilingi 15,000 amwekee modi za The Sims 4 kama za kwenye kompyuta. Ni bei halali?*

Mama, kwenye PlayStation hiyo folda ya Mods ninayoizungumzia kutwa haipo, na hakuna mlango wa kupitishia skripti. Huyo kijana anataka kukuuzia nini sijui. Mnunulie mtoto chipsi mayai, chenji urudi nayo nyumbani.