Ukungu kwa kioo, na ile mashine ya kupima nguvu za injini

SWALI: Salamu mhariri. Nabeba mizigo na Probox, Kongowea hadi Mtwapa. Mvua ikinyesha kioo cha mbele chajaa ukungu, naweka eisi baridi mwisho naielekeza kwa kioo lakini ndo wazidi, nikifuta ndani na kitambaa hautoki. Shida ni nini? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Kaka, huo ukungu uko nje, ndo maana kitambaa hakisaidii. Hewa yetu hapa Mombasa ina unyevu mwingi, sasa wewe ukipuliza eisi baridi kwa kioo kinapoa, na unyevu wa nje ukikigusa wageuka matone, kama glasi ya sharubati baridi. Piga waipa, geuza hewa itoke kifuani au miguuni, na upunguze ubaridi. Tafadhali usiendeshe huku unachungulia, barabara hiyo ina bodaboda na watoto wa shule.

Ukungu wa ndani ni mwingine, huo watokana na pumzi na nguo zilizoloa. Hapo washa eisi na hita pamoja, eisi yakausha hewa kwanza halafu hita, ambayo yatumia maji moto ya injini, yaipasha joto kabla haijafika kwa kioo. Na ile swichi yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani izime, la sivyo unyevu ni uleule tu wazunguka. Fundi akitaka kuziba paipu za hita ati Mombasa hakuna baridi, mkatalie.

Zile laini nyembamba za kioo cha nyuma zapata joto kwa umeme wa volti 12, kwa hivyo usizikwaruze ukibandua stika, laini ikikatika hiyo haifanyi kazi tena.

SWALI: Fundi asema Subaru yangu itatoa hosipawa nyingi akiitengeneza, nipime kwa daino, ile mashine ya kupima nguvu za injini. Yapimaje? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Gari lapanda juu ya rola, matairi yazizungusha, na kwa mashine nyingi kuna breki inayozikataza. Kinachopimwa ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, hosipawa ni hesabu tu. Toki ya Nm (nyutoni mita) 200 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, zidisha halafu gawa kwa 9,549, wapata kama kilowati 84, yaani hosipawa 112 hivi. Usishtuke ikiwa chini ya ile ya kiwandani, wao hupima injini yenyewe, na kwa rola giaboksi na matairi yashakula sehemu. Pima kabla fundi hajagusa kitu, halafu urudie baadaye kwa mashine ileile.