Mnaoanza kazi ya kusajili alama za biashara Texas, someni kwanza maana ya maneno

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi juzi kwenye ofisi za mawakili huku Texas, hasa nyie mtakaokabidhiwa wateja Waswahili kwa sababu mnaongea lugha yao, naomba niwaambie kitu kuhusu usajili wa alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa au huduma ya mtu, ngazi ya jimbo. Fomu yenyewe ni fupi, haimshindi mtu. Kinachowaangusha watu ni neno la kawaida kabisa, unalisoma unaona unalijua, kumbe sheria imeshalipa maana yake na wewe hujaiangalia.

Sheria inayotuhusu ni sura ya 16 ya sheria za biashara za Texas, hii iliyofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika Septemba 2012. Vifungu vya mwanzo kabisa, kuanzia 16.001, vinaeleza maana ya maneno na ndo vifungu ambavyo karibu kila anayeanza anaviruka anaenda moja kwa moja kwenye masharti. Usiviruke. Mi niliviruka.

Tuanze na "use", yaani matumizi. Mwaka wangu wa kwanza alikuja dada mmoja anatengeneza achari ya maembe, ana lebo nzuri, ana ukurasa Instagram, nikamuuliza umeanza kutumia jina hili lini akanitajia siku alipochukua lebo kwa mchapaji, nami nikaandika hiyohiyo. Kwa bidhaa, matumizi maana yake alama iwe kwenye bidhaa au kwenye chombo chake au lebo, au pale inapopangwa kuuzwa, HALAFU bidhaa yenyewe iwe imeuzwa au imesafirishwa kibiashara ndani ya Texas. Dada wa watu alikuwa bado hajauza hata chupa moja, alikuwa anawagawia majirani waonje. Ombi likarudi, dola 50 zake zikaenda, na iliniuma sana maana alikuwa amezitoa kwenye hela ya chupa. Tangu siku hiyo siulizi umeanza kutumia lini, nauliza mteja wa kwanza aliyekulipa ni nani, alikuwa wapi, na risiti iko wapi. Na kumbukeni tarehe ziko mbili, ya kutumia mara ya kwanza popote na ya kutumia mara ya kwanza Texas, msizichanganye. Huduma nazo zina kipimo chao: kutangaza peke yake hakutoshi, lazima huduma iwe imetolewa humu jimboni. Kwa serikali kuu mtu anaweza kupeleka ombi akiwa na nia tu ya kutumia alama baadaye, Texas hiyo njia haipo.

Wengi wetu tumetoka kwenye nchi ambako unakimbilia usajili kwanza, BRELA kule Tanzania au KIPI kule Kenya, ndo uwe na amani, kwa hiyo hili linatuchanganya. Marekani haki inazaliwa sokoni kwa kuitumia alama, usajili unakuja kuithibitisha.

Neno lingine ni "person", mtu. Hapa mtu ni pamoja na kampuni. Mteja akija muulize kabisa alama ni ya kwako wewe au ni ya LLC yako (aina ya kampuni ambayo madeni yake hayamfuati mwenyewe), maana mume na mke wanauza pamoja, LLC imeandikwa jina la mke, mume ndo anasaini fomu kama mmiliki, hapo umeshaharibu tangu mstari wa kwanza. Na fomu ile inasainiwa kwa kiapo.

Alafu kuna jina la biashara. Mtu amesajili jina lake kwa karani wa kaunti, au ameandikisha LLC, anakwambia mi jina langu limeshalindwa. Halijalindwa bado ndugu yangu. Ile ni ya watu kujua nani yuko nyuma ya biashara, haimpi haki ya alama. Mweleze taratibu kwa Kiswahili, wengine wanaondoka na huzuni lakini bora ajue leo kuliko aje kujua baada ya kuandika jina kwenye gari la chakula.

Kwenye maneno ya Kiswahili naomba mtulie. Alama inayotaja tu bidhaa ni nini haipiti kirahisi, na mteja anadhani akiiita kahawa yake KAHAWA amekwepa kwa vile Wamarekani hawaelewi. Mkaguzi wa ombi anaweza kulitafsiri neno la kigeni halafu akalipima kwa maana yake, na kahawa iliyoitwa kahawa haijajitofautisha na yoyote. Neno hilohilo kwenye viatu ni habari nyingine kabisa. Hapo pia angalieni madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma yenye namba, kahawa ya pakiti ni daraja la 30, mgahawa ni 43, kila daraja linalipiwa peke yake.

Kutelekeza alama, "abandoned": ni kuacha kuitumia bila nia ya kurudi. Kwa sheria ya serikali kuu miaka 3 mfululizo bila matumizi inatosha kuchukuliwa kwamba umeiacha, mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Majimbo mengine yana hesabu zao, kwa hiyo mteja akikwambia ana tawi jimbo jingine fungua sheria ya huko, usikisie. Usajili wa Texas ni miaka 5 na kuhuisha kunafanyika ndani ya miezi 6 ya mwisho, weka kwenye kalenda yako siku ileile cheti kinapotoka.

Na cheti kikitoka mteja atataka kuweka ile R ya duara kwenye lebo. Mzuie. Hiyo ni ya waliosajiliwa na serikali kuu peke yao, yeye aweke TM (trademark, alama ya bidhaa), au SM (service mark) kama ni huduma. Yule dada wa achari aliuza, tukapeleka upya, akapata cheti, na lebo zake mpaka leo zina TM ndogo pembeni ya jina.