Kamera mpya au iliyotumika kwa kazi za harusi Kigoma?

Mdogo wangu, umesema unapiga harusi Ujiji na Mwanga, na hela yako inatosha bodi (kamera yenyewe bila lenzi) mpya ya bei ya chini na lenzi yake ya 18-55, au Canon 5D Mark III iliyotumika. Mimi ningechukua iliyotumika, chenji iende kwenye lenzi ya 50mm f/1.8. Ukumbi wa usiku unataka lenzi inayoingiza mwanga, siyo boksi jipya.

Ila usimtumie muuzaji wa Dar hela kabla hujaishika kamera. Shata (pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga picha) ya 5D Mark III imepimwa kwa mibofyo 150,000, kwa hiyo muulize imeshapiga ngapi. Kisha washa tochi ya simu, mulika lenzi kwa nyuma: ukiona kitu kama utando wa buibui ndani, hiyo fangasi, achana nayo hata akikupunguzia nusu. Ya kwangu ya kwanza niliinunua kwa kuamini picha za WhatsApp, unyevu wa ziwani ukamalizia kazi.

Piga pia ukuta mweupe kwa f/16 (tundu dogo la lenzi) uone madoa kwenye sensa, kile kinachonasa picha ndani ya kamera. Vumbi husafishika. Fangasi ikishakula kioo, basi tena.