Rejista ya vihatarishi tunayo, mikopo bado inachelewa: je, tuchore michakato yetu?

Swali: Mimi ni meneja wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi hapa Tanzania. Tuna wanachama wapatao 1,200 na ofisini tupo watu 6. Mkaguzi alitutaka tuwe na rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukidhuru chama, tukaiandaa. Ina mistari 60, lakini tangu Bodi iipitishe sijaona mtu akiifungua. Wakati huohuo mkopo unachukua wiki 3 hadi kutoka, na wanachama wanalalamika. Mtaalamu mmoja ametushauri tuchore muundo na michakato ya chama kizima kabla ya kununua mfumo mpya wa kompyuta. Je, michoro hiyo inasaidia kweli kudhibiti vihatarishi, au ni gharama nyingine tu? Na tukikubali, tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu meneja, michoro inasaidia, na kwa chama cha ukubwa wenu inaweza kuwa kazi yenye faida kuliko zote mtakazofanya mwaka huu. Ila msichore chama kizima. Choreni mchakato mmoja, wa mkopo, kuanzia mwanachama anapochukua fomu hadi rejesho lake la kwanza linapoingia kwenye akaunti. Humo ndimo fedha za wanachama zinamopita, na humo ndimo malalamiko yanamotoka. Mkianza na chama kizima mtaishia kuwa na kabrasha nene litakalokaa kando ya rejista yenu.

Nianze na rejista hiyo. Sijaiona, lakini rejista nyingi za vyama nilizokagua zina mistari kama "hatari ya udanganyifu", "hatari ya ukwasi" (kuishiwa fedha za kulipa), "hatari ya mikopo chechefu" (isiyolipwa). Hakuna uongo hapo, ila hakuna pa kushika. Udanganyifu utatokea kwenye meza ipi, juu ya karatasi gani, kwa mkono wa nani? Kihatarishi kisicho na mahali hakiwezi kupewa mtu wa kukizuia, ndiyo maana hakuna anayeifungua rejista: hakuna mstari hata mmoja unaomwambia mhasibu au afisa mikopo afanye nini Jumatatu asubuhi. Kazi kubwa ya mchoro ni kukipa kila kihatarishi mahali pake.

Mchoro wenyewe si mgumu. Kuna lugha ya alama ya kimataifa iitwayo BPMN. Toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha ISO/IEC 19510. Ina alama nyingi mno, ninyi mnahitaji chache: duara la mwanzo na la mwisho, kisanduku cha kazi, umbo la almasi kwa uamuzi, na mshale. Kisha gawanyeni karatasi kwa safu za mlalo, kila safu ya mhusika mmoja: mwanachama, afisa mikopo, Kamati ya Mikopo, meneja, mhasibu, mwajiri. Msimsahau mwajiri, kwa sababu makato ya mishahara yanapita kwake. Kazi ya kila mtu inakaa kwenye safu yake, na mshale unapovuka kutoka safu moja kwenda nyingine, hapo kuna makabidhiano.

Bandikeni karatasi za manila ukutani, waiteni wanaoifanya kazi hiyo kwa mikono yao, na mtumie kalamu. Programu ya bure kama draw.io itafaa baadaye, mchoro ukishatulia. Swali la kumuuliza afisa mikopo si "utaratibu unasemaje?" Mkimuuliza hivyo atawasomea sera ya mikopo. Muulizeni: "Mkopo wa mwisho ulioushughulikia ulipitaje?" Halafu chukueni mafaili kadhaa ya mikopo iliyokwishalipwa, ikiwemo miwili mitatu ya dharura, mfuate tarehe na sahihi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo utakuta muhtasari wa Kamati wenye tarehe ya baada ya malipo, au fomu ya mdhamini iliyosainiwa baada ya fedha kutoka. Yachoreni hayo kama yalivyo. Mchoro wa mambo yanavyopaswa kuwa mnao tayari, ndio sera yenu; mnachokosa ni mchoro wa mambo yanavyokwenda. Tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo orodha yenu ya kwanza ya vihatarishi, na haikunakiliwa popote.

Mkimaliza, fanyeni jambo moja ambalo wengi huliruka: chini ya kila cheo andikeni jina la mtu anayeshika nafasi hiyo sasa. Cheo hakitoshi. Jina lilelile likitokea kwenye safu mbili zinazopaswa kusimamiana, simameni hapo kwanza.

Ninasisitiza hili kwa sababu liliangusha benki kongwe mno. Barings ya London ilianzishwa mwaka 1762. Kwenye tawi lake la Singapore, Nick Leeson aliongoza biashara ya mikataba sokoni, na papo hapo akasimamia ofisi ya nyuma inayohakiki na kulipia mikataba hiyohiyo. Hasara alizificha kwenye akaunti namba 88888. Mwaka 1994 ukaguzi wa ndani ulieleza wazi kwamba mtu mmoja hapaswi kushika nafasi zote mbili, lakini hazikutenganishwa. Februari 1995 benki ikaanguka kwa hasara ya pauni milioni 827, na ING ya Uholanzi ikainunua kwa pauni 1. Kihatarishi kilikuwa kimeandikwa. Hakikuwekwa mbele ya macho ya wenye mamlaka ya kukiondoa. Mchoro wa safu mbili zenye jina moja haupitiki kirahisi namna hiyo kwenye kikao cha Bodi.

Sasa rudini kwenye mchoro na mfuate mishale, hasa inayovuka safu. Kwenye kila mshale ulizeni: kinachopita hapa ni nini, anayepokea anajuaje kwamba kimekamilika na ni cha kweli, kikipotea nani atagundua, na lini? Kwa SACCOS za watumishi, majibu huanza kuuma sehemu zilezile. Mdhamini ni mmojawapo. Akiba yake inaweza kuwa imeshafungwa kwa mikopo ya wenzake watatu, na afisa mikopo hana njia ya kujua kwa sababu dhamana zimeandikwa ndani ya mafaili ya wakopaji, si kwenye daftari la mdhamini. Sehemu nyingine ni namba ya simu ya mwanachama. Kama malipo yanapita kwa simu, na anayebadili namba kwenye mfumo ndiye anayeandaa malipo, mkopo wa mwanachama aliyeko likizo unaweza kutoka bila yeye kujua.

Kisha kuna makabidhiano kwa mwajiri. Fomu ya makato inatoka kwenu, inafika kwake baada ya orodha ya mishahara kufungwa, na rejesho la kwanza halikatwi. Kwenye vitabu mwanachama anaonekana mdaiwa sugu wa mwezi wa kwanza, kumbe kilichochelewa ni karatasi yenu. Ndiyo maana nimewaambia mchoro usiishie kwenye malipo. Wengi huishia pale fedha inapotoka, wakati kwa mkopeshaji kazi nzito inaanzia hapo.

Kila kihatarishi mnachokiona kipeni namba, muibandike kwenye kisanduku au mshale wake. Namba hiyohiyo ndiyo iingie kwenye rejista. Mistari 60 inaweza kubaki 15, na hiyo 15 itasomwa.

Kuhusu kupima uzito: mtakuwa mmefundishwa kuzidisha uwezekano kwa madhara, kila kimoja kwa alama 1 hadi 5. Tumieni, lakini msiiamini hesabu hiyo peke yake. Tukio la nadra lenye madhara ya 5 na tukio la kila wiki lenye madhara ya 1 yote mawili yanatoa 5, ilhali la kwanza linaweza kufunga chama na la pili ni kero. Wahandisi wanaotumia FMEA, njia ya kuchunguza namna kitu kinavyoweza kushindwa na madhara yake, iliyotokana na taratibu za jeshi la Marekani za mwaka 1949, huongeza kipimo cha tatu: ni vigumu kiasi gani kugundua kosa kabla halijaleta madhara? Nawashauri mkiongeze. Kwa chama kidogo ndicho kipimo chenye maana kuliko vyote. Wizi mdogo unaogundulika jioni ileile ni tatizo la nidhamu. Wizi mdogo unaosubiri ukaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wa mwaka unaofuata utakuwa umekua.

Sasa ucheleweshaji. Huenda unauona kama suala jingine. Kwangu ni suala lilelile. Msomi wa Marekani, John Little, alithibitisha mwaka 1961 kanuni rahisi ya foleni: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mchakato ni sawa na vinavyoingia kwa kipindi, mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Tuseme mnapokea maombi 10 kwa wiki na kila moja linakaa wiki 3. Basi muda wote kuna fomu kama 30 zinazozunguka mezani kwenu. Jumlisheni sasa saa ambazo mtu anaishika fomu moja akiifanyia kazi. Kwa kawaida hazifiki hata siku moja ya kazi. Muda uliobaki fomu inasubiri: inamsubiri mdhamini, inasubiri Kamati ikutane, inasubiri sahihi ya aliyesafiri.

Kamati ikikutana kila baada ya wiki 2, ombi linasubiri kwa wastani wiki 1 hata kama kila kitu kiko sawa. Lakini fomu ikifika kikaoni bila kiambatisho kimoja, inarudi na kusubiri wiki 2 nyingine. Mwanachama ana mgonjwa hospitali au ada ya mtoto, anakuja kwako, na wewe ni binadamu. Unasema, "Mlipeni, Kamati itasaini baadaye." Hapo foleni imezaa kihatarishi. Ukiongeza sahihi ya tatu ili kukizuia, foleni inarefuka na maombi ya "tutasaini baadaye" yanaongezeka. Nimeona vyama vikizunguka hapo kwa miaka.

Dawa iko mwanzoni mwa mchoro. Hakikini ukamilifu wa fomu pale dirishani, mwanachama akiwa amesimama mbele yenu, kwa orodha ya kuhakiki ya ukurasa mmoja, isiyokamilika isipokelewe. Fungueni daftari la dhamana kwa jina la mdhamini, ili kujua akiba yake iliyo huru iwe kazi ya dakika. Kisha pitieni kila sahihi kwenye mchoro na mwandike pembeni yake inathibitisha jambo gani. Sahihi isiyo na jambo lake ifutwe. Fomu yenye sahihi tano haina ulinzi mara tano. Kila mmoja anasaini akiamini aliyetangulia amekagua, na wa kwanza anasaini akiamini wanaofuata watakagua. Bakizeni chache zenye maana: aliyehakiki akiba na dhamana, Kamati iliyoamua, anayeandaa malipo, na mwingine anayeyaidhinisha.

Na dharura iwe na njia yake kwenye mchoro. Mkopo wa dharura wenye kikomo cha kiasi, unaoidhinishwa na wajumbe wawili wa Kamati kwa maandishi siku hiyohiyo na kuripotiwa kikao kinachofuata, ni salama kuliko huruma isiyo na utaratibu.

Utasema watu 6 hawatoshi kutenganisha kila kitu. Kweli, na hakuna anayedai miujiza. Pale msipoweza kutenganisha, wekeni jicho la pili linalotoka nje ya meza hiyo. Taarifa ya benki imfikie mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi moja kwa moja kutoka benki, bila kupita kwa mhasibu. Mwanachama apate ujumbe wa simu kila akaunti yake inapoguswa, na namba yake ikibadilishwa ujumbe uende pia kwenye namba ya zamani. Kila anayeshika fedha aende likizo kamili, kazi yake ishikwe na mwingine; hesabu zinazohitaji mtu mmoja awepo kila siku ili zikubali, zina jambo ndani yake.

Mchoro upeni mtu wa kuusimamia, kwa jina na tarehe, na upitiwe kila mtu anapohama, sera inapobadilika au mfumo unapoguswa. Kwenye taarifa ya kila mwezi kwa Bodi pelekeni viashiria vitatu tu: siku kutoka fomu kupokelewa hadi malipo, idadi ya mikopo iliyolipwa kabla ya uamuzi wa Kamati kusainiwa, na idadi ya mikopo ambayo rejesho la kwanza halikuingia. Hicho cha tatu kinapima ofisi yenu kabla ya kumpima mkopaji. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 SACCOS ni daraja la tatu, na leseni yenu inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Mkaguzi akija, mchoro wenye namba za vihatarishi pamoja na viashiria hivyo vitatu vinaeleza usimamizi wenu vizuri kuliko mistari 60 isiyosomwa.

Mfumo wa kompyuta ununueni baada ya haya. Ukiununua sasa, mtaingiza ndani yake njia za mkato zilezile, na kuzitoa kutawagharimu zaidi. Muuzaji akija, mtandazieni mchoro mezani na mumwombe aoneshe, kisanduku kwa kisanduku, mfumo wake unazuia nini na unarekodi nini. Asiishie kuonesha ripoti zenye rangi. Akufungulie ukurasa wa kubadili namba ya simu ya mwanachama, abadilishe mbele yenu, kisha umuulize ni nani mwingine alipaswa kuidhinisha na rekodi ya mabadiliko hayo iko wapi.