Muulize Sonara: Bangili zina 916, mbona naambiwa navunja sheria?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu chapa. Nimechagua nne. Mnisamehe ya kwanza ikila nafasi ya wenzake, maana ndiyo inayoweza kumfikisha mtu mahakamani.

Swali: Shikamoo mzee. Niko Leicester. Kila nikienda Dubai narudi na bangili na vidani vya karati 22, nawauzia kina mama wenzangu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Vyote vimepigwa 916. Juzi mteja kaniambia eti navunja sheria ya hapa Uingereza. Kwani 916 si ndiyo karati 22?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hesabu yako sawa kabisa: gawa 22 kwa 24, utapata sehemu 916 na kitu katika elfu. Na mteja wako naye kasema kweli.

Hebu jiulize, hiyo 916 kaipiga nani? Kwa sheria ya hapa, iliyotungwa 1973 na kuanza kazi 1975, muuzaji hajipimii. Kitu kipelekwe kwenye ofisi ya upimaji iliyo huru, ikipime na kukipiga chapa yake. Ofisi ziko nne tu: London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. Waingereza chapa hiyo huiita hallmark, alama ya ukumbini, kwa sababu tangu 1478 masonara wa London walitakiwa kupeleka kazi zao zikapimwe Goldsmiths' Hall, ukumbi wa chama chao.

Ichukue bangili moja uitazame kwa kioo cha kukuzia. Chapa kamili ina alama tatu za lazima. Ya kwanza ni herufi za aliyekipeleka kitu kupimwa, mbili au zaidi, ndani ya kijingao. Ya pili ni namba ya ubora, hiyo 916 au 750 au 375. Ya tatu ni alama ya ofisi: London kichwa cha chui, Sheffield waridi, Edinburgh ngome, na sisi Birmingham nanga. Nilipofika huku nikitokea Unguja nilicheka sana. Mji hauna bahari, hauna hata harufu ya dagaa, nembo yake nanga! Ukiona na herufi ya mwaka, ni nyongeza. Tangu 1999 si lazima tena. Bangili zako zina alama moja kati ya tatu, na hiyo moja haikupigwa na ofisi yoyote inayotambuliwa hapa.

Sasa kosa liko wapi? Liko kwenye kuuza kibiashara kitu kisicho na chapa huku ukikiita dhahabu. Ukishaandika kwenye kikundi "bangili za dhahabu, karati 22, nicheki inbox", tayari umeshakiita. Kwamba huna duka, unauzia sebuleni, haisaidii. Wala haisaidii kusema aliyetengeneza ni wa Dubai, maana sheria inamshika anayeuza. Mtu akiuza mkufu wake mwenyewe aliovaa miaka, hilo jingine. Wewe unakwenda na kurudi, hiyo ni biashara.

Cha kufanya ni hivi. Nenda ofisi mojawapo ukasajili alama yako ya herufi. Usajili unadumu miaka kumi. Kisha peleka mzigo kabla hujatangaza. Unalipia kila kitu kinachopigwa chapa, kwa hiyo weka gharama hiyo kwenye bei tangu unapochagua mali kule Dubai. Halafu chukua lile tangazo rasmi linaloeleza alama za chapa: kila muuzaji lazima aliweke mahali wateja wanapoliona, na kwa anayeuza mtandaoni liwe huko huko mtandaoni. Maofisa wa biashara wa halmashauri hulikagua hilo.

Nikuonye na jambo moja lililonipata mimi. Mzigo wangu wa kwanza huku ulikuwa bangili sita, nilizifua mwenyewe, nikaapa ni karati 22. Tano zikapita. Ya sita ikaonekana 910. Kosa langu: kwenye kifungo nilimimina lehemu kama nilivyofundishwa Mji Mkongwe, ambako lehemu ilikuwa siri ya fundi na hakuna aliyeipima. Hapa lehemu nayo ina kiwango chake cha kisheria. Na upimaji wao hauna huruma ya chini. Ukikosa 916, hata kwa punje, unashuka hadi ngazi inayofuata ya chini unayoifikia, ambayo ni 750. Hakuna 910 wala 900. Bangili yangu ya karati 22 kasoro ikawa na hiari mbili: ipigwe 750, au nirudi nayo nikaiyeyushe. Niliiyeyusha, nikakaa siku mbili bila kusema na mtu.

Ubishi nao haufai, maana namna wanavyopima ni ya kale na ni ya haki. Kwanza mashine ya mionzi. Wakitaka uhakika zaidi wanakwangua chembe, wanaipima mizani, wanaifunga kwa karatasi ya madini ya risasi pamoja na fedha kidogo, wanaichoma kwenye kikombe cha jivu la mifupa au cha magnesia. Risasi inayeyuka na shaba yote, na kikombe kinazinywa. Kinabaki kidonge cha dhahabu na fedha. Fedha inatolewa kwa tindikali ya naitriki. Kilichobaki ni dhahabu tupu, kinarudi mizani. Sisi nyumbani tulikuwa na jiwe jeusi na chupa ya tindikali, na jicho la tajiri. Jicho la tajiri lilikuwa kali, lakini lilikuwa la tajiri.

Swali: Sonara, mchumba wangu kaniletea herini za fedha kutoka duka la Manchester. Nimezigeuza juu chini, hazina alama hata moja. Nimeibiwa?

Jibu: Si lazima, usimnunie bado. Vitu vyepesi vimesamehewa chapa: fedha isiyofika gramu 7.78, dhahabu isiyofika gramu 1, paladi vilevile gramu 1, na platinamu nusu gramu. Hiyo 7.78 imetoka kwenye robo ya aunsi wanayopimia madini. Herini nyingi za fedha hazifiki hapo. Ila msamaha ni wa chapa tu. Muuzaji akisema ni fedha, lazima iwe fedha kweli. Ukiwa na shaka, sonara yeyote mwenye mashine atakupimia papo hapo. Na risiti ikisema "imepakwa fedha", basi hukudanganywa, ulisoma haraka.

Swali: Nimenunua seti ya arusi Mumbai. Niko Dar es Salaam. Ndani ina pembetatu, 22K916 na vijiherufi sita visivyo na maana. Hivyo sita ni nini?

Jibu: Hongera kwa arusi. Pembetatu ni nembo ya shirika la viwango la India, BIS. Hivyo sita, herufi na tarakimu zimechanganywa, ndivyo vya maana kuliko vyote: ni namba ya kitu hicho kimoja peke yake, hakuna kingine chenye namba hiyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 duka la India haliruhusiwi kuuza dhahabu yenye chapa ya BIS bila namba hiyo. Pakua programu ya BIS Care kwenye simu, iandike namba, itakuonyesha kitu ni cha aina gani, ubora wake na kituo kilichokipima. Fanya kwa kila kipande: kidani, vipuli, bangili. Programu ikikwambia pete na mkononi una bangili, mtafute muuzaji leo hii. Kule, ubora ukipungua, mnunuzi anadai mara mbili ya pengo na gharama ya kupima.

Swali: Mzee wangu, marehemu bibi kaniachia mitali miwili ya fedha, ya kuvaa miguuni, mizito, ilifuliwa Unguja. Niko Birmingham na nina kibanda cha vitu vya kale sokoni. Mtu kanitajia bei nzuri, lakini haina chapa. Niipeleke ikapigwe 925?

Jibu: 925 usiitarajie, mjukuu. Mafundi wa pwani walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zenye mwaka 1780 hata zikifuliwa juzi. Reale moja ina fedha 833 katika elfu. Ukijumlisha na lehemu, mtali wako utakuwa hapo au chini kidogo. Kwa bahati nzuri ngazi ya chini ya fedha hapa ni 800, kwa hiyo huenda ikaingia.

Lakini pengine huhitaji chapa kabisa. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1950 kinaweza kuuzwa kwa jina la fedha bila chapa, mradi muuzaji athibitishe kwamba kinafika kiwango, ni cha kabla ya mwaka huo, na hakijabadilishwa tangu hapo. Kwa hiyo usimpe mtu akusafishie, akunyooshee, wala akulehemie kile kifungo kilicholegea. Ubora nitakupimia mimi kwa mashine, haikwanguliwi hata chembe. Umri ndio mgumu. Umesema kwenye barua kwamba ipo picha ya bibi, msichana, kaivaa, na nyuma ya picha kuna muhuri wa studio wenye mwaka 1938. Njoo nayo.