Presha imeshuka, je, aache dawa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, alianzishiwa dawa za presha mwaka jana. Sasa kipimo kinasoma 128/82, naye anasema amepona, hivyo vidonge vilivyobaki ameviweka kabatini. Je, ni sawa? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Kipimo hicho kizuri ni kazi ya vidonge vyenyewe, wala si ushahidi wa kupona, na akiviacha presha inaweza kupanda tena kimyakimya, bila hata kuumwa kichwa, huku ikiharibu figo na moyo au kumletea kiharusi. Arudi kliniki na vidonge vyake, kwa kuwa anayepaswa kupunguza dozi ni daktari anayemtibu, na aseme wazi kama aliviacha kwa sababu ya bei (wengi huona haya kulitaja hili) au maudhi kama kikohozi kikavu na miguu kuvimba, maana zipo dawa mbadala. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Kabla ya kupimwa, apumzike kitini dakika 5, miguu ikiwa sakafuni na mkono umeegemezwa mezani, usawa wa moyo.